Historia ya Kiwanda cha Makapi cha Portsmouth

Aliyewahi kupanda chombo cha tanga anajua kapi: ganda la mti lililotobolewa, roda ndani yake, pini ya katikati, na kamba inayopita. Jahazi huridhika na makapi machache ya henza na demani. Manowari ya Kiingereza yenye mizinga 74, mwishoni mwa karne ya 18, ilihitaji karibu 1,000. Jeshi zima la wanamaji lilitumia kama 100,000 kwa mwaka, maana ganda hupasuka, roda hulika, na vita na Ufaransa havikuonyesha dalili ya kwisha.

Biashara hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa mikononi mwa ukoo mmoja, akina Taylor wa Southampton. Walter Taylor alikuwa na kinu cha maji mahali paitwapo Woodmill, na humo misumeno ya duara na vyombo vya kukereza vilikwisha kufanya kazi ambayo wengine waliifanya kwa mkono. Hili lisisahaulike, kwa sababu wengi hueleza habari za mashine za useremala kana kwamba zilizuka kwa siku moja Portsmouth, bandari ya wanamaji wa Uingereza. Portsmouth palikuwa mahali pa kukusanya. Mbegu ilikuwa imepandwa kwingine.

Mmoja wa waliopanda ni Samuel Bentham, ndugu wa mwanafalsafa Jeremy Bentham. Alitumikia Urusi chini ya jemadari Potemkin, akarudi Uingereza mwaka 1791, na ndani ya miaka miwili akawa amechukua hataza mbili. Ile ya 1793 ilizigawa kazi za mti, yaani kupasua, kuranda, kutoboa na kuchonga, akieleza jinsi kila moja inavyoweza kufanywa na mashine. Mwaka 1796 akapewa cheo cha Mkaguzi Mkuu wa Kazi za Wanamaji, na mwaka 1799 injini ya mvuke ikafungwa katika gati la Portsmouth, ikikusudiwa kuvuta maji ya magudi usiku na kuendesha misumeno mchana. Injini ikawepo, nguvu ikawepo, lakini mashine za makapi zenyewe hazikuwepo bado.

Mwaka huohuo aliwasili Uingereza Marc Isambard Brunel, Mfaransa wa Normandy aliyekimbia mapinduzi ya nchi yake, akakaa New York na kufanya kazi ya uhandisi huko. Alikuwa na michoro ya mashine za makapi. Aliipeleka kwanza kwa akina Taylor, wakaikataa: mzee wao alikuwa ametumia miaka mingi kuikamilisha njia yake, wakaona hakuna kitakachoipita. Brunel akachukua hataza mwaka 1801 na kwenda kwa Bentham. Bentham, ambaye angeweza kushindana naye, alimsaidia, na mwaka 1802 serikali ikakubali.

Michoro haipasui gogo. Mtu aliyeigeuza kuwa chuma ni Henry Maudslay, mzaliwa wa Woolwich, fundi aliyeondoka kwa bwana wake Joseph Bramah mwaka 1797 baada ya kunyimwa nyongeza juu ya mshahara wake wa shilingi 30 kwa wiki. Karakana yake ilikuwa London. Zamani hizo mashine nyingi zilikuwa na fremu za mbao, zinazolegea na kupinda kadiri zinavyotikiswa. Za Maudslay zilikuwa za chuma kitupu, na kwa maoni yangu hapo ndipo ilipo siri ya maisha marefu ya mashine hizo.

Mashine zote zilikuwa kama 45, zimepangwa kwa zamu ya kazi. Gogo la mwelmi lilikatwa vipande. Kipande kikaenda kwa keekee, ikatoboa tundu la pini na tundu la kuanzia njia ya roda. Kikahamia kwenye mashine ya patasi, iliyopiga juu na chini zaidi ya mara 100 kwa dakika, huku ganda likisogezwa kidogo kila pigo mpaka tundu refu likamilike. Msumeno ukaondoa pembe. Kisha ikaja ile ambayo mtazamaji asingeweza kuiacha: gurudumu kubwa lililobana maganda kumi kwa pamoja, likizunguka mbele ya kisu kinachofuata mkunjo wa kielelezo. Upande mmoja ukiisha, maganda yote kumi yaligeuzwa robo duara na kisu kikaanza tena. Mwisho ukachongwa mfuo wa kamba. Roda zilikuwa na njia yake, zikikatwa kwa mti mgumu sana wa visiwa vya Karibi, na bushi ya shaba ikikazwa katikati.

Mafundi stadi 110 walibadilishwa na watu kumi wasio na ufundi maalumu. Mwaka 1808 yalitoka makapi 130,000. Brunel alilipwa zaidi ya pauni 17,000 kwa hesabu ya akiba iliyopatikana, fedha ambazo hazikumzuia kufungwa kwa madeni mwaka 1821. Wale 110 historia haikuwaandika majina, na hilo ni pengo ambalo hakuna msasa utakaolifuta.

Asubuhi ya tarehe 14 Septemba 1805 Amiri Nelson wa wanamaji wa Uingereza alizuru kiwanda hiki kabla ya kupanda manowari Victory kwenda kwenye vita vya Trafalgar, asirudi hai. Baada ya hapo hakuna mengi ya kusimulia kwa muda mrefu, kwani mashine zilifanya kazi tu. Matanga yakapungua, meli za mvuke zikaja, mahitaji yakashuka, na bado baadhi ya mashine zilikuwa zikitoa makapi hadi miaka ya 1960.

Ugomvi wa nani apewe sifa ya mashine hizo ulihamia kwenye karatasi. Mwaka 1862 vilitoka vitabu viwili: Richard Beamish akaandika maisha ya Brunel, na kikachapishwa kile alichokiacha Mary Bentham kuhusu mumewe Samuel. Kila kimoja kinavutia sifa upande wake. Atakaye haki asome vyote viwili, kisha amgeukie shahidi wa tatu, Simon Goodrich, fundi mkuu aliyekuwa chini ya Bentham, ambaye karatasi zake zimehifadhiwa na Jumba la Makumbusho ya Sayansi la London. Jumba hilohilo lilipewa mashine kadhaa, na mwaka 1965 K. R. Gilbert akachapisha uchunguzi wake juu ya mashine hizo. Mwaka 2005 Jonathan Coad akafuata na kitabu kuhusu kiwanda chote. Jengo lenyewe, lililokuwa likichakaa, lilikarabatiwa mwanzoni mwa karne hii, na ndani yake bado zimo shafti na puli zilizopokea mikanda.

Kazi ya watafiti hawa inafundisha jinsi ya kuisoma mashine. Mchoro wa hataza huonyesha wazo la mwenye hataza. Chuma huonyesha kilichotendeka: tundu lililozibwa, bushi iliyobadilishwa, alama ya tupa mahali fundi aliporekebisha kosa. Mrejeshaji anayeanza kwa kung'arisha kila kitu anafuta ushahidi huo kabla haujasomwa.

Basi ewe uliye na msumeno wa mkanda au randa ya mashine ya zamani katika karakana ya baba yako, ya misheni au ya shule ya ufundi: usianze na rangi. Piga picha bamba la mtengenezaji, nakili namba na tarehe zilizosubiwa kwenye chuma, waulize wazee waliiendesha kwa mkanda au kwa mota na ilitoka wapi, uyaandike majina yao. Ndipo ufungue boliti ya kwanza.