Mzungu Alikuwa Mpangaji Nagasaki

Wasee, ile historia tuliyolishwa shule mnaijua. Mzungu anashuka melini na shanga, anatoa karatasi ya kuwekwa sahihi, kesho bendera yake iko juu. Mimi chuo niliacha, kusoma sikuacha, na kuna stori moja sielewi kwa nini hakuna mwalimu aliyewahi kunisimulia. Ni ya Waholanzi na Wajapani. Kwa zaidi ya miaka 200 Mzungu alikuwa mpangaji tu, tena wa kuomba ruhusa kuvuka daraja.

Wareno ndio walitangulia Japani, miaka ya 1540. Ni hao hao waliojenga Fort Jesus pale Mombasa. Sisi walituachia maneno kama meza na leso, na Wajapani mpaka leo mkate wanauita pan. Shida ni kwamba walikuja na bidhaa na mapadri kwa meli moja. Ukoo wa Tokugawa ulikuwa umetoka tu kushika nchi baada ya vita virefu, na machoni pao Mkristo alikuwa mtu mwenye bosi mwingine huko Roma.

Waholanzi waliusoma huo mchezo mapema. Walipewa kibali mwaka 1609, wakafungua ghala Hirado, na msimamo wao ulikuwa mmoja: sisi dini hatuuzi.

Sasa hapa ndipo inakuwa chafu. Mwaka 1637 wakulima wa Shimabara, wengi wao Wakristo, waliasi kwa sababu ya kodi, njaa na kuteswa kwa ajili ya imani. Serikali ikaomba Waholanzi msaada. Wakaleta meli, wakaipiga mizinga ngome ya waasi. Wakristo kwa Wakristo, manze, biashara isiharibike tu. Ngome ilipoanguka 1638 karibu kila aliyekuwa ndani aliuawa. Mwaka uliofuata Wareno wakafukuzwa. Walipotuma wajumbe kutoka Macau mwaka 1640 kubembeleza, 61 walikatwa vichwa na 13 wakarudishwa wakapeleke habari.

Mwaka huo huo Waholanzi nao waliamriwa wabomoe ghala lao jipya. Kosa? Jengo lilikuwa limeandikwa mwaka kwa kalenda ya Kikristo. Hawakubishana hata kidogo. Walibomoa. Mwaka 1641 wakahamishiwa Dejima, kisiwa cha kuchimbwa na watu bandarini Nagasaki, mita kama 120 kwa 75, umbo la robo chapati iliyoumwa ncha. Walilipa kodi ya kukaa hapo. Meli ikifika, bunduki na baruti zinachukuliwa, vitabu vya dini vinafungiwa.

Na lazima mkubwa wao aende Edo, Tokyo ya leo, kumsujudia shoguni na zawadi mkononi. Daktari wao Engelbert Kaempfer, Mjerumani, alienda 1691. Wakaambiwa waimbe, wacheze, wajifanye walevi, huku shoguni akiwatazama kutoka nyuma ya pazia. Hiyo ni kampuni iliyokuwa inanyakua visiwa vya watu kwa mtutu kule Indonesia! Hapa wanacheza ngoma, kwa sababu hariri na sukari walizoleta walizibadilisha na fedha, baadaye shaba, na faida ilikuwa tamu.

Kwa hiyo mtu akiniambia Japani "ilijifungia," namuuliza ilifunga nini. Ilikuwa na mlango, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Mwaka 1720 sheria ya vitabu vya kigeni ililegezwa. Mwaka 1774 Sugita Genpaku na wenzake wakatoa tafsiri ya kitabu cha Kiholanzi kuhusu mwili wa binadamu, na walipoanza hiyo kazi lugha yenyewe walikuwa wanaibahatisha.

Siwapambi Tokugawa. Mkulima wa Shimabara hakuonja ile hariri, na ufunguo ule ulilindwa kwa damu yake. Lakini ule udhaifu tunaoambiwa kila Mwasia na Mwafrika alikuwa nao mbele ya meli za Ulaya, hapa siuoni.

Mwaka 1844 mfalme wa Uholanzi, Willem wa Pili, alimwandikia shoguni barua: fungueni wenyewe kabla hamjafunguliwa. Wakamjibu kwa adabu kwamba hapana. Mwaka 1853 Mmarekani Perry akatokea na manowari za moshi, na huyo hakuja kuimba. Miaka miwili baadaye Wajapani walikuwa Nagasaki, wanafundishwa kuendesha meli ya mvuke waliyopewa na Waholanzi.