Kupanda na Kushuka kwa Sauti

Sisi watu wa pwani hatuhitaji mwalimu wa kutuambia kwamba kila kinachopanda hushuka. Maji ya Tanga hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na mvuvi anajua kuwa mwendo wa bamvua si mwendo wa maji mafu. Lakini ni wachache wanaotambua kwamba sauti nayo ina kujaa kwake na kupwa kwake, na kwamba humo ndimo ilimojificha siri kubwa ya muziki tunaousikia hapa Makorora kila penye harusi. Jambo hili lina historia yake, nayo inafaa kusimuliwa na sisi pia.

Tuanze na sikio. Mpigaji akikwanyua uzi wa udi, sauti hupanda mara moja kisha hufifia polepole. Fidla hupanda taratibu, hukaa, na hukoma upinde unapoinuliwa. Ngoma hupanda na kuanguka kabla hujapepesa jicho. Noti inaweza kuwa ileile moja, yenye mitetemo 440 kwa sekunde, na bado hata mtoto atatambua lipi ni udi na ipi ni fidla. Mwaka 1948, huko Paris, Pierre Schaeffer alirekodi mlio wa kengele akauondoa ule mwanzo wake. Kilichobaki hakikusikika tena kama kengele. Kumbe tunaijua ala kwa namna inavyobisha hodi.

Lakini kabla ya Paris kulikuwa na Cairo. Mwaka 1944 Mmisri Halim El-Dabh alirekodi sherehe ya zari kwa mashine iliyohifadhi sauti katika waya wa chuma, kisha akaichezea ile sauti studioni, akapunguza hapa na kuongeza mwangwi pale, mpaka ikawa kitu kipya. Cairo si mji mgeni kwetu. Inasimuliwa kwamba ndiko Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alikompeleka Mohamed Ibrahim akajifunze kupiga kanuni, na taarabu yetu ikapata mbegu yake. El-Dabh baadaye alifanya kazi New York, katika kituo cha muziki wa elektroniki cha vyuo vikuu vya Columbia na Princeton. Anayedhani kwamba Mwafrika aliingia katika habari hizi kwa mlango wa nyuma, na alifikiri tena.

Katika kituo hicho alikuwapo Vladimir Ussachevsky. Mwaka 1965 alimwomba fundi Robert Moog, aliyekuwa ameanza mwaka mmoja nyuma kutengeneza sintesaiza, amtengenezee vifaa vya kuongoza kujaa na kupwa kwa sauti kwa kutumia volti. Sintesaiza hizo hazikuwa kitu kimoja kizima. Zilikuwa visanduku vingi, kila kimoja na kazi yake, vikiunganishwa kwa nyaya kadiri ya utashi wa mpigaji. Moog aliweka kanuni ambayo mwalimu yeyote wa hisabati ataipenda: ukiongeza volti moja, mitetemo inakuwa maradufu. Mitetemo 220 inakuwa 440, nayo 440 inakuwa 880.

Miaka ya 1970 Serge Tcherepnin, mwalimu katika chuo cha sanaa huko California, aliona kwamba vyombo hivyo ni ghali mno kwa wanafunzi wake. Akabuni vya kwake vya bei nafuu, na wanafunzi wakakaa naye kuviunganisha kwa risasi na mikono yao. Nikisoma habari hiyo naikumbuka Elimu ya Kujitegemea, aliyoiandika Mwalimu Nyerere mwaka 1967. Kumbe jembe la kujitegemea laweza kuwa pasi ya kulehemu.

Kati ya vifaa vya Serge kilikuwamo kimoja ambacho kwa lugha ya mafundi huitwa jenereta ya fankisheni. Si ile jenereta ya dizeli inayonguruma umeme ukikatika. Hii huzalisha mpando na mshuko wa volti. Ndani yake mna kapasita, na kapasita ni kama mtungi. Kitufe kimoja huamua maji yaingie kwa kasi gani, kingine huamua yatoke kwa kasi gani. Mtungi ukijaa, huanza kumwagika. Ukiisha, unaweza kutulia au kuanza tena wenyewe.

Tazama basi mtungi huo mmoja unavyofanya kazi nyingi. Ukijaa haraka na kutoka polepole, unaipa sauti tabia ya udi. Ukijaa polepole, unaipa tabia ya fidla. Ukijirudia taratibu, sauti hupwita kama ya mwimbaji anayetetemesha koo. Ukijirudia mamia ya mara kwa sekunde, kule kujirudia kwenyewe kunakuwa noti. Na ukiuambia ufuate volti nyingine kwa uvivu, noti inateleza kwenda nyingine badala ya kuruka, kama afanyavyo mwimbaji wa taarabu anapovuta neno.

Mwaka 1995 Mjerumani Dieter Doepfer alianza kuuza visanduku vidogo vya aina hii, na vipimo vyake vikafuatwa na mafundi wa nchi nyingi. Kampuni ya Make Noise ya Marekani, iliyoanzishwa 2008, ikatoa kisanduku kilichorithi fikra za Serge na kukiita Maths, yaani Hisabati. Jina limestahili. Kina njia nne; mbili zinapandisha na kushusha volti, mbili zinakuza, kupunguza au kugeuza alama ya chanya kuwa hasi, na mwisho wake zote hujumlishwa. Mzunguko wake mmoja unaweza kuwa mfupi kuliko kupepesa jicho, au mrefu wa dakika nyingi.

Sasa turudi nyumbani. Miaka ya 1960 Black Star Musical Club ya hapa Tanga iliitoa taarabu katika okestra kubwa ikaipa gita la umeme, besi na mapigo ya dansi. Lucky Star wakafuata. Sauti ya Shakila, aliyefariki 2016, ikavuka mipaka. Tulikuwa vijana, na tuliona fahari kwamba Unguja na Mombasa wanatega sikio kusikia Tanga imesema nini. Miaka ya 1990 likaja wimbi jingine la East African Melody, TOT na Muungano, na kinanda cha umeme kikashika usukani. Mtu mmoja akawa fidla, kodiani, nai na ngoma.

Sikilaumu kinanda, kimelisha wengi. Lakini ndani ya kila kitufe chake mna kujaa na kupwa kulikopangwa na mhandisi wa mbali, asiyemjua Shakila wala Makorora. Tena vinanda vingi vya dukani vina hatua 12 tu katika oktava, ilhali maqamu tulizozirithi zina sauti zinazokaa katikati ya hatua hizo. Fidla ilizifikia. Volti nayo inazifikia, kwa kuwa haina ngazi. Kati ya volti moja na mbili mna nafasi zisizohesabika. Kitufe cha dukani hakizifikii, na sikio lisilozisikia kwa miaka 30 litaanza kudhani ni makosa.

Hapo ndipo moyo wangu unaposhtuka. Katika shule moja niliyofundisha, chombo cha kuonyesha mawimbi ya umeme kilifungiwa kabatini kisiharibike. Vijana wakamaliza kidato cha nne wakiwa wamechora mawimbi ubaoni bila kuliona hata moja. Chombo kilibaki kizima, maarifa yakaharibika.

Kapasita, vipande vichache vya ukinzani na betri havimshindi mwalimu wa fizikia. Akae na mpigaji mzee wa fidla, maadamu wazee hao bado wapo, wapime pamoja sauti inavyopanda na inavyoshuka. Black Star hawakuvumbua gita. Walilifanya liseme Kitanga. Na volti nayo haina kabila mpaka mtu aifundishe lugha yake.