Silikosisi: gumegume ndani ya kifua

Kwenye maduara ya dhahabu ya Geita, mchimbaji akikohoa miezi mingi watu husema "ana kifua", na wazo la kwanza ni kifua kikuu. Silikosisi haitajwi, ingawa maana yake ingeeleweka upesi. Neno limetokana na *silex* ya Kilatini, yaani gumegume, jiwe lile lile lililotoa cheche kwenye bunduki za zamani. Achille Visconti wa Italia ndiye aliyelitumia kwa ugonjwa huu mwaka 1870.

Jiwe jeupe linalobeba dhahabu limejaa silika, madini yale yale ya gumegume. Likitobolewa kavu, likipondwa kwa nyundo au likitiwa kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, hutimua vumbi linalopaka nyusi nyeupe. Hilo pua na koo hulizuia kwa sehemu kubwa. La kuogopwa ni lile lisiloonekana: chembe zisizofika mikromita 5, na unywele wa mtu una unene wa mikromita 70 hivi. Hizo hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa. Huko seli walinzi huzimeza, kama wanavyomeza uchafu wowote, lakini silika huwapasua kutoka ndani. Seli hufa, chembe hutoka nzima, mlinzi mwingine huimeza naye akafa. Panapokufa walinzi hubaki uvimbe, na uvimbe huacha kovu. Pafu huwa gumu, na makovu huweza kuongezeka hata mtu akishaacha uchimbaji.

Wengi hutafsiri silikosisi kuwa "ugonjwa wa vumbi". Naona ni jina jepesi mno. Vumbi la barabarani tumelizoea sote, nani ataliogopa? Mimi nasema "kovu la vumbi la mawe". Linataja kilichoumiza na kilichobaki. Silikosisi iendelee kuandikwa kwenye faili la hospitali.

Kuuchanganya ugonjwa huu na kifua kikuu kuna sababu: silika huwadhoofisha walinzi wale wale wanaopambana na vimelea vya kifua kikuu, hivyo mchimbaji huweza kuugua yote mawili. Ila dawa za kifua kikuu haziondoi kovu. Mtu humaliza dozi ya miezi 6, makohozi yakapimwa yakawa safi, na bado akitembea hatua chache anatweta. Asipoulizwa anafanya kazi gani, huanzishiwa dozi nyingine.

Kovu halina dawa ya kulifuta, vumbi linazuilika. Maji yakielekezwa kwenye ncha ya drili, sehemu kubwa ya vumbi hugeuka tope pale pale. Kitambaa kilichofungwa usoni huzuia lile linaloonekana tu.