Gari Likigoma na Kupona Lenyewe: Pima Kabla ya Kununua Spea

Hitilafu ya umeme inayokuja na kutoweka inawamaliza pesa wenye magari hapa Pwani. Gari linagoma kwenye foleni ya feri Likoni, ukilifikisha gereji linawaka mara moja. Fundi asiye na subira hubahatisha: badili betri, badili stata, badili alteneta. Wiki mbili baadaye maradhi ni yale yale, na pesa ishakwenda. Mimi nasema spea isinunuliwe kabla ya kitu kupimwa.

Andika tatizo hutokea lini. Je, ni injini ikiwa moto, baada ya mvua, au ukipita kwenye matuta? Likija na mtikisiko, shuku waya uliokatika ndani kwa ndani au soketi iliyolegea. Likija na mvua, tafuta maji yanapoingia.

Anza na betri. Hewa yetu ya chumvi huleta kutu upesi, kwa hivyo safisha vichwa vya betri na uvikaze. Betri iliyojaa, gari likiwa limelala usiku kucha, husoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, magari mengi husoma kati ya 13.8 na 14.5.

Pima waya wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye betri kutoka kwa injini na bodi. Weka gia huru na ukaze breki ya mkono. Ncha moja ya mita iguse kichwa hasi cha betri, nyingine iguse chuma kisafi cha injini, kisha mwenzako apige stata. Ikizidi takriban volti 0.2, athi ina kasoro. Lazima upime stata ikizunguka, kwani waya uliobakiwa na nyuzi mbili tatu huonekana mzima usipokuwa na mzigo.

Tikisa. Kama ni taa zinazosumbua, ziwashe, kisha utikise waya na soketi zake moja moja. Zinapopepesa, umefika.

Fyuzi ikiungua mara kwa mara, usiweke kubwa zaidi wala kipande cha waya. Fyuzi ya ampea 10 ikiwekwa ya 30, kitakachoungua ni waya wenyewe, na gari linaweza kushika moto.

Ukienda gereji, muulize fundi: "Umepima wapi, na umesoma volti ngapi?" Mwenye jibu mpe kazi. Asiye na jibu, chukua ufunguo wako.