Aibu Ilipouzwa kwa Chupa

Katika miaka ya 1710 kijitabu kisicho na jina la mwandishi kilianza kuuzwa London. Kiliitwa Onania, na kilidai kwamba punyeto huleta kifafa, kukonda, utasa na hatimaye kifo. Msomaji aliyekwisha kutetemeka alielekezwa pa kupata dawa: tinktura ya kurudisha nguvu, shilingi 10 za Kiingereza chupa moja, na unga wa kuongeza uzazi, shilingi 12 mfuko. Kila toleo lilizidi kunenepa, maana wasomaji walileta barua za kuungama, nazo zikachapishwa ziwatishe wasomaji wapya. Anayetaka kuelewa kwa nini ilichukua karne tatu kumsaidia ipasavyo mtu aliyeshindwa kuitawala tamaa yake hana budi kuanzia kwenye biashara hiyo. Mtu wa namna hiyo yupo kweli, na si zao la simu za kisasa. Ila tangu Onania, waliojitokeza kumtibu walihangaika na aibu yake, wengine wakaichuma faida, na shida yenyewe ikabaki haijaguswa.

Kijitabu kile kingeishia vichochoroni kama si Samuel-Auguste Tissot, daktari mwenye heshima zake wa Lausanne, aliyeandika juu ya jambo hilohilo kwa Kilatini mwaka 1758, kisha kwa Kifaransa mwaka 1760. Anasimulia kijana fundi saa aliyekuwa na afya njema hadi miaka 17, halafu akaanza punyeto mpaka mara tatu kwa siku. Tissot alipoitwa alimkuta amelala juu ya majani makavu, amekauka, anatokwa damu puani, kumbukumbu zimemtoka, anafanana na maiti kuliko mtu aliye hai. Msomaji wa leo anamwona mgonjwa mahututi mwenye maradhi ambayo tiba ya enzi zile haikuyajua. Tissot alikwisha amua sababu kabla hajaingia chumbani. Hesabu yake, aliyoirithi kwa waliomtangulia, ni kwamba wakia moja ya manii ina thamani ya wakia 40 za damu. Kwa hesabu hiyo kila kijana wa kiume wa Ulaya alikuwa mgonjwa tayari, na palipo wagonjwa wote hapana namna ya kumtambua yule mmoja aliyenasa kweli. Wanawake hawakusahauliwa: mwaka 1771 Bienville, daktari mwingine, alitoa kitabu kizima juu ya nimfomania, yaani tamaa ya ngono iliyopita kiasi kwa mwanamke, na jina hilo lilidumu hadi kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliyopitishwa mwaka 1990.

Marekani ya karne ya 19 iliipeleka hofu hiyo jikoni. Sylvester Graham, mhubiri, na baadaye John Harvey Kellogg, daktari wa Battle Creek, walifundisha kwamba nyama na viungo huchochea ashiki na kwamba chakula kisicho na ladha huituliza. Kwa kipimo chao mpishi wa pilau wa Mombasa ni mchochezi wa zinaa. Hilo linachekesha, lisilochekesha ni ushauri wa Kellogg kwamba mvulana anayejichezea atahiriwe bila ganzi, ili maumivu yaambatane akilini mwake na adhabu.

Mabadiliko hayakuletwa na madaktari. Walevi wa Marekani walikuwa wameanza kusaidiana tangu mwaka 1935, pale Akron, Ohio, kwa utaratibu uliokuja kujulikana kama hatua 12. Ni utaratibu huohuo uliozijenga soba hausi za Zanzibar kwa ajili ya waliotekwa na heroini. Miaka ya 1970 baadhi ya waliokaa katika mikutano hiyo waliona kwamba maelezo ya chupa yanafanana mno na maisha yao ya kitandani. Vikundi vya kusaidiana vya walioshindwa kuitawala ngono vikaanza Boston mwaka 1976, Minneapolis mwaka uliofuata, California mwaka 1979. Mgeni aliyeingia hakuulizwa amepoteza manii kiasi gani. Aliulizwa kama amewahi kujaribu kuacha akashindwa, na nini kimeharibika wakati huo: ndoa, kazi, fedha, usingizi. Naona hapo ndipo historia hii ilipogeuka, kwa kuwa kwa mara ya kwanza kilichopimwa kilikuwa uwezo wa mtu kujizuia, siyo uchafu wa tendo. Mwaka 1983 Patrick Carnes, mtaalamu wa uraibu wa Marekani, aliuchapisha mtazamo huo kitabuni, akaueneza kama uraibu sawa na mwingine wowote.

Pingamizi lilikuja haraka, tena lenye uzito. Mwaka 1988 wanasosholojia Levine na Troiden waliandika kwamba ugonjwa huu ni ngano: jamii imevipa vitendo isivyovipenda jina la kitabibu, kama ilivyofanya zamani. Nusu ya hoja yao imethibitika. Tafiti za mwanasaikolojia Joshua Grubbs na wenzake zimeonyesha kwamba kujiita mraibu wa picha za ngono hakutegemei sana kiasi ambacho mtu huzitazama. Kunategemea zaidi kuamini kwamba anachofanya ni dhambi. Lakini kuwapo kwa watu wanaojidhania wagonjwa hakufuti walio wagonjwa. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kilikataa kuuingiza ugonjwa huu katika mwongozo wake wa mwaka 2013. WHO iliukubali katika orodha yake mpya, iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, ikaupanga pamoja na matatizo ya kushindwa kuzuia misukumo, haikuuita uraibu. Masharti yake ni magumu: hali ya kushindwa kujizuia iendelee miezi 6 au zaidi, na ionekane kwa dalili kama hizi: mtu amejaribu kupunguza mara nyingi bila kufaulu, ameacha kujitunza na kutimiza majukumu, au anaendelea hata pale raha ilipokwisha. Kisha kikaongezwa kifungu ambacho Tissot asingeweza kukiandika: dhiki inayotokana tu na kulilaumu tendo kimaadili haitoshi kumfanya mtu mgonjwa.

Wapo watakaosema kifungu hicho kinahalalisha maovu. Sivyo. Sheikh na padri wanabaki na kazi yao. Daktari ameambiwa tu asiifanye kwa niaba yao. Wengine husema kinyume chake, kwamba ugonjwa huu ni kichaka cha kujifichia mume mzinzi aliyefumaniwa. Huyo hujitetea hivyo akishafumaniwa, na kufumaniwa peke yake hakutoshi kutimiza masharti yaliyotajwa. Hoja yangu ni ya vitendo zaidi. Anayetazama picha saa nane za usiku mara nyingi anakimbia kitu: upweke, wasiwasi, hasira. Akimaliza hujichukia, na kujichukia huko kunakuwa jambo jipya la kulikimbia kesho usiku. Kumwongezea aibu ni kumwongezea sababu za kurudi.

Matibabu yanayofuata mantiki hii yameshapimwa, ingawa kwa watu wachache. Katika jaribio la wanasaikolojia Crosby na Twohig, lililochapishwa mwaka 2016, wanaume 28 walioshindwa kuacha ponografia ya intaneti waligawanywa mafungu mawili: moja likapata vikao 12 vya ushauri, jingine likasubiri. Hawakufundishwa kupigana na tamaa. Walifunzwa kuiona ikija, kuiacha ipite bila kuitii wala kubishana nayo, na kurudia mambo waliyoyathamini, kama watoto wao au masomo. Waliotibiwa walipunguza kutazama kwa asilimia 93. Waliosubiri, kwa asilimia 21. Mwisho wa vikao asilimia 54 walikuwa wameacha kabisa, na miezi mitatu baadaye walibaki asilimia 35. Hata hivyo wengi walikuwa bado mbali sana na pale walipoanzia, na katika tiba ya aina hii kuteleza huko huzungumzwa tangu mapema: mshauri na mteja hukaa wakaangalia kilichotangulia usiku ule, nani aligombana na nani, simu ilikuwa wapi, kisha wakapanga upya juma linalofuata.