Nani mwenye betri hii?

Jamani, waandishi wa programu tunajua: sharti la leseni lisilofuatiliwa ni maandishi tu. Marekani walilionja hilo.

Maabara ya serikali yao, Pacific Northwest, ilitumia miaka 6 na dola milioni 15 za walipa kodi kuunda betri ya vanadi, ya kuhifadhi umeme wa jua na upepo. Mwaka 2012 mtafiti wake Gary Yang alipata leseni ya hataza hizo, akaanzisha UniEnergy. Sharti: betri zitengenezwe Marekani. Mwaka 2017 akawapa Rongke wa Uchina leseni ndogo. Mwaka 2021 leseni ikahamia Vanadis ya Uholanzi, maabara ikaidhinisha kwa barua pepe!

Wizara ya Nishati iliifuta 2022, wanahabari walipouliza. Kwa nini mwenye mali asiulize kwanza?