Kubadilisha kichujio cha lavabo ya jikoni: pima mbele ya kufungua

Fungua kabati iliyo chini ya lavabo yako ya jikoni. Kama mbao imevimba, inanuka, na kuna beseni isiyotoka tena pale, ujue maji inavuja. Mara nyingi robine haina kosa. Kinachovuja ni kichujio, kile kitu cha duara kinachokaa katika tundu la lavabo na kuzuia mabaki ya chakula yasiingie katika tiyo. Kwa Kifaransa kinaitwa bonde.

Kukibadilisha si kazi ngumu. Shida inakuja pale mutu anafungua kwanza, kisha anakimbilia soko. Anarudi na kichujio kisichoingia, muuzaji anakataa kukirudisha, na jamaa yote inaoshea vyombo inje. Njo maana panga hivi.

Kwanza, tafuta maji inatoka wapi. Pangusa chini pote, halafu zungusha karatasi kavu na umimine maji. Karatasi ikilowa pale kichujio kinakutana na lavabo, kichujio njo kibaya. Ikilowa chini zaidi, kwenye sifoni, pengine unahitaji mpira mupya tu, na bei yake ni ndogo sana.

Pili, pima. Lavabo nyingi za inox za siku hizi ziko na tundu la milimetre 90. Nyingi za zamani ziko na 60. Mdomo wa juu wa kichujio unapita tundu: ukikuta kama 115, kwa kawaida tundu ni 90, ukikuta kama 85, ni 60. Pima tena tiyo ya chini, ambayo kwa jikoni ni 40 mara nyingi. Piga picha na telefone, toka juu na toka chini, uonyeshe muuzaji.

Tatu, chagua siku. Anza asubuhi, siku maduka iko wazi, usianze jioni ya siku ya posho. Jaza bidoni mbili za maji. Kama unatumia silikoni, lavabo itapumzika saa 24. Kama kichujio kimekuja na mipira yake, fuata karatasi iliyo ndani ya kartoni; mipira mingi haitaki silikoni.

Kazi yenyewe: weka ndoo chini, fungua sifoni, kisha fungua skrubu ya katikati ao nati kubwa ya chini. Mwenzako ashike juu kichujio kisizunguke. Kwangua uchafu wote wa zamani, ju mpira mupya juu ya uchafu utavuja tena. Weka kichujio kipya, kaza kwa mkono, kisha ongeza kidogo na ufunguo. Ukikaza kupita kiasi, mpira unatoka inje ao plastiki inapasuka.

Mwisho, ziba tundu, jaza lavabo, ngoja dakika 15, halafu achilia maji yote kwa mara moja. Karatasi ikibaki kavu, umemaliza.

Ila ukikuta inox imeliwa na kutu kando ya tundu, ao tiyo ya ndani ya ukuta inacheza, simama pale na uite fundi. Kichujio kipya hakiponyeshi lavabo iliyooza.